Aina za Ufungashaji wa Fremu za Ithaneti katika Ruta

Data inayopita katika mtandao wa Ithaneti husafirishwa katika vifurushi viitwavyo fremu. Kila fremu huanza na anwani ya kifaa kinachopokea, kisha anwani ya kifaa kinachotuma, na baada ya hapo sehemu ya baiti 2. Matumizi ya baiti hizo 2 ndiyo yaliyozaa aina tofauti za ufungashaji. Vifaa visipotumia aina moja havisikilizani, hata kama nyaya zote ni nzima.

Aina kuu ni nne:

1. Ithaneti II, iliyotolewa mwaka 1982 na kampuni za Digital, Intel na Xerox. Baiti 2 hutaja itifaki iliyobebwa. Ruta za Cisco huiita arpa.

2. 802.3 ya Novell. Baiti 2 hutaja urefu wa data. Kwa kuwa haina sehemu ya kutaja itifaki, hubeba IPX pekee. Jina lake katika ruta hizo ni novell-ether.

3. 802.2, au sap. Baada ya urefu hufuata baiti 3 zinazotambulisha itifaki.

4. SNAP. Huongeza baiti 5 juu ya hizo 3, hivyo nafasi ya data hupungua kutoka baiti 1500 hadi 1492.

Kifaa kinachopokea hutambua maana ya baiti 2 kwa thamani yake: 1500 au pungufu ni urefu, 1536 au zaidi ni itifaki.

Athari za tofauti hizo zilidhihirika katika miaka ya 1990. NetWare 3.11 ilitumia 802.3 pasipo kuelekezwa vingine, ilhali NetWare 3.12 ilitumia 802.2. Ofisi iliyobadilisha seva bila kurekebisha kompyuta zake ilikuta seva mpya haionekani. Suluhisho lilikuwa kuoanisha mipangilio, au kuiwekea ruta aina zote mbili, kila moja na namba yake ya mtandao.

Hivi sasa itifaki ya IP husafirishwa kwa Ithaneti II karibu kila mahali. Hata hivyo, ufungashaji wa 802.1Q, unaoongeza baiti 4 ili kutenganisha mitandao ya VLAN, huleta tatizo la aina hiyohiyo pale namba ya VLAN inapotofautiana kati ya ruta na swichi. Kwa hiyo, mawasiliano yanapokatika ilhali taa za kifaa zinawaka, fundi anapaswa kulinganisha mipangilio ya pande zote mbili kabla ya kununua nyaya mpya.