Ugali Huliwa Mwisho

Nilimpa shangazi yangu uji wa sukari kwa sababu alikuwa mgonjwa, na kwetu mgonjwa hupewa uji. Ilikuwa wiki ya tisa tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito Nairobi, naye alikuwa amekuja kupumzika nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kitale. Asubuhi hiyo alikuwa amekula yai moja tu. Mimi nikaona hicho si chakula. Nikapika uji mwepesi wa mahindi, nikautia maziwa na vijiko vinne vya sukari, nikamsihi mpaka akamaliza kikombe.

Dakika 20 hazikupita, akaomba kulala. Jasho lilimtoka kama mtu anayepalilia saa sita mchana. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikatetemeka, tumbo likamsokota. Nilikuwa natafuta namba ya mtu wa teksi aliponiambia kwa sauti ndogo, "Tulia, mwanangu. Ni sukari hiyo. Itapita."

Ilipita. Alipoamka aliniambia kwamba alijua itatokea, ila hakutaka kunikatalia mbele ya mama.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu kilimo cha mahindi Trans-Nzoia. Naweza kukutajia mwaka mbegu fulani ilipotolewa kwa wakulima, lakini sikujua kikombe cha mahindi kinafanya nini ndani ya tumbo la mtu aliyenilipia karo kwa mahindi hayo hayo. Nikafanya nilichofundishwa: nikarudi mwanzo wa jambo.

Mwanzo wenyewe hauhusu unene hata kidogo. Mwezi Januari 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alikata sehemu ya mfuko wa chakula wa mwanamke mwenye saratani, kisha akaunganisha sehemu iliyobaki na utumbo. Madaktari wawili waliojaribu kabla yake walikuwa wamepoteza wagonjwa wao. Wa Billroth alinusurika upasuaji, ingawa saratani ilimmaliza miezi michache baadaye. Kuanzia hapo upasuaji wa aina hiyo ulienea, hasa kwa watu wenye vidonda vya tumbo, na pamoja nao yakaja malalamiko mapya: mtu anakula, kisha anatoka jasho, anasikia kizunguzungu, moyo unamdunda, lazima alale. Mwaka 1913 daktari Arthur Hertz wa London aliandika kuhusu hali hiyo. Mwaka 1922, Chicago, Charles Mix aliitazama kwa eksirei akaona tumbo likikimwaga chakula utumboni, na jina likatokana na kitendo hicho cha kumwaga. Leo madaktari wetu husema dampingi.

Mfuko wa chakula hufanya kazi ya mlinzi wa lango: hukiruhusu chakula kupita kidogo kidogo. Ukikatwa, au ukipitwa pembeni, lango halipo tena. Kitu chenye sukari nyingi kinatua utumboni kwa wingi, na utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kukizimua. Ndiyo sababu ya moyo kwenda mbio na tumbo kusokota. Kuna na awamu ya pili, saa moja hadi tatu baada ya kula. Wanga na sukari vilivyoingia kwa kasi huufanya mwili umwage insulini kupita kiasi, na sukari ya damu inaanguka. Awamu hiyo inaweza kuletwa na wali mweupe, mkate mweupe au ugali wa unga uliokobolewa, hata pasipo punje moja ya sukari.

Vidonda vya tumbo vilifikaje kwenye unene? Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, daktari Edward Mason aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikonda, na hawakunenepa tena. Mwaka 1966, akiwa na mwenzake Chikashi Ito, alianza kuwafanyia watu wenye uzito mkubwa upasuaji wa kulipita tumbo. Mason alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 100.

Hapo nilisimamisha kusoma nikacheka peke yangu maktabani. Iowa! Hakuna jimbo la Marekani linalojulikana kwa mahindi kama Iowa. Na miaka miwili tu kabla ya upasuaji ule, mwaka 1964, kituo cha utafiti cha hapa Kitale kilikuwa kimetoa H611, mahindi chotara ambayo mzazi wake mmoja alitoka Ecuador. Sisemi kimoja kilizaa kingine. Ila babu yangu aliipanda mbegu hiyo, na binti yake akaja kukatwa tumbo kwa njia iliyobuniwa katikati ya mashamba ya mahindi ya watu wengine.

Kilichonisumbua zaidi ni jinsi dampingi ilivyobadilika maana. Kwa mgonjwa wa vidonda ilikuwa hitilafu, jambo la kuombewa radhi. Kwa mtu mnene, baadhi ya madaktari waliiona kuwa faida: mlinzi wa bure atakayemtia adabu kila akigusa kitu kitamu. Mateso ni yale yale, jasho ni lile lile. Aliyebadilika ni mgonjwa na jinsi tunavyomtazama. Baadaye wataalamu walikuja kuona kwamba homoni za utumbo, zile zinazouambia ubongo kuwa mtu ameshiba, zinachangia sana matokeo ya upasuaji huu. Lakini wazo la fimbo halijafa. Jirani mmoja alipoambiwa kilichompata shangazi alisema, "Si alitaka mkato?" Alitamka neno hilo kana kwamba ni wizi.

Nilirudi kwenye tasnifu yangu na macho mengine. Kwetu mtu asiyekula ugali hajala. Unaweza kumaliza kuku mzima na bado ukaulizwa utakula saa ngapi. Nilikuwa nalichukulia hilo kama jambo la tangu kuumbwa kwa mlima Elgon. Sivyo. Mahindi yalitoka bara la Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuyafikisha pwani yetu. Huku bara, bibi zetu walisonga ugali wa wimbi na mtama. Mahindi meupe yalishika nguvu chini ya ukoloni, karne ya 20, pamoja na mashamba ya walowezi. Mfanyakazi wa shamba alilipwa mshahara mdogo na posho, na posho hiyo kwa kawaida ilikuwa ratili mbili za unga kwa siku, karibu gramu 900. Ni kipimo cha mtu anayeng'oa visiki tangu alfajiri. Visiki viliisha, lakini sahani ikabaki na ukubwa ule ule. Tena unga wa kinu cha kijiji, wenye pumba zake, ukaonekana wa kimaskini mbele ya ule mweupe wa pakiti.

Shangazi hajakatazwa ugali. Hilo watu wengi hawalielewi, nami nilikuwa mmoja wao. Aliambiwa aanze na protini, yaani samaki, kuku, mayai au maharagwe, kisha mboga, wanga mwisho, nafasi ikibaki. Atafune mpaka kisiwepo cha kutafuna. Asinywe maji pamoja na chakula, asubiri nusu saa. Vitamini atameza maisha yake yote. Ugali ukitangulia unajaza kifuko kidogo alichobakiwa nacho, na kila kinachojenga mwili kinakosa mahali. Akimeza tonge kubwa linakwama kifuani, naye hunyoosha mkono mmoja mezani, ananyamaza, anasubiri.

Desemba tulivuna. Watu walijaa uani, gunia juu ya gunia, na mama akapakua kama kawaida yake, sahani zenye vilima. Mjomba wa baba, mzee anayeheshimiwa, alimsogezea shangazi sahani na kuuliza kwa nini mwenye shamba hali.

"Nakula, baba," alisema. "Mimi naanza na kuku."

Mzee alimtazama, akatazama ile sahani. Nikaingia jikoni nikaleta kisahani cha kikombe. Nilikuwa nimesonga ugali kidogo wa wimbi pembeni, kwenye sufuria ya chai, bila kumwambia mtu. Shangazi alimaliza kipande chake cha kuku, akala mrenda, akapumzika. Watu walikuwa wameshaanza kunawa. Ndipo akaukata ule ugali vipande vinne vidogo kwa kidole gumba, akala viwili taratibu, na kunisogezea viwili vilivyobaki.