Mhariri Desai na "Tangazo" la Harry Thuku

Majuzi nilikuwa Mukuru kwa Njenga, ndani ya saiba moja ndogo ya mabati, nikingoja kutolewa nakala za karatasi zangu. Kando yangu kijana mmoja alikuwa akichapa ilani ya mkutano wa wakazi kuhusu ardhi. Juu aliandika TANGAZO, akafuta. Akaandika NOTICE, akafuta pia. Kisha akanigeukia.

"Prof, tuweke gani? Ikiwa ya Kizungu wataogopa."

"Kina nani waogope?"

"Si hao wakubwa."

"Na wale wa kuja mkutanoni je?"

Akacheka. Tangu ubomoaji wa mwaka 2021, maelfu ya watu walipoachwa bila makao mtaani humu, karatasi ikibandikwa ukutani Mukuru huwa si jambo la kupuuzwa. Nilimwambia kwamba neno alilokuwa akilifuta lina umri wa miaka zaidi ya mia moja katika siasa za Nairobi, na kwamba mtu mmoja aliyesaidia kulieneza hakuwa Mswahili wala Mwafrika.

Manilal Ambalal Desai alitoka India akafika Nairobi mwaka 1915, akawa karani katika ofisi ya mawakili. Nairobi ya wakati huo, msomaji, ilikuwa kijiji cha reli kilichovimba haraka. Mnamo 1899 palikuwa kambi ya wajenzi wa reli kwenye ardhi ya majimaji. 1902 tauni ikazuka na serikali ikateketeza soko la Wahindi. Magazeti ya mji yalikuwa yakisemea masetla. Hata Standard, lililoanzishwa Mombasa na A. M. Jeevanjee, Mhindi, lilikuwa limekwisha kuuzwa, likahamia Nairobi 1910 na kuwa sauti ya Wazungu. (Kejeli ya historia hiyo.) Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Desai akaanzisha gazeti lake, East African Chronicle.

Hakulianzisha kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Ugomvi wake ulikuwa wa Wahindi: haki ya kura sawa na Wazungu, na haki ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Lakini ofisi ya gazeti ni kama kinyozi. Huwezi kumchagua anayeingia. Mmoja wa walioingia alikuwa Harry Thuku, opareta wa simu serikalini.

Mwaka 1921 ulikuwa mbaya kwa mfanyakazi Mwafrika. Kipande kilikuwa kikining'inia shingoni, kodi ilikuwa imepanda, na masetla wakaamua kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Thuku na wenzake wakaunda chama, wakakiita East African Association, si cha kabila moja. Desai akawapa nafasi ofisini mwake, na mtambo wake ukachapa karatasi zao. Thuku akatoa Tangazo, kwa Kiswahili.

Kwa nini Kiswahili? Kikuyu kingetosha Kiambu. Lakini mjini palikuwa na Mkamba, Mnubi, Mganda, watu wa Pwani na wa kutoka ziwani, na walichogawana ni lugha ya kazi: ya kuamrishwa na kununulia unga. Karatasi zile zikaigeuza kuwa lugha ya kudai. Kwangu mimi hapo ndipo Kiswahili cha Nairobi kilipopata heshima yake.

Masetla walidai Thuku alikuwa kikaragosi cha Wahindi. Na kweli alituma simu ya maandishi London akiwasifu Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika baada ya wamishonari, jambo lililowaudhi machifu. Lakini dai hilo silikubali. Thuku alijifunza kupanga herufi za chapa katika gazeti la masetla wenyewe, Leader, kabla ya kushirikiana na Desai. Kazi ya uchapaji aliijua. Alichokosa ni mtambo.

Machi 14, 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka vyumba ninamofundishia leo. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli wanaume waliosita, na polisi wakafyatua risasi, huku Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao wakifyatua. Taarifa rasmi ilitaja waliokufa kuwa 21. Wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Chronicle halikudumu baada ya msukosuko huo. Desai mwenyewe alifariki Bukoba mwaka 1926. Hata hivyo mazoea yalibaki: Sitaram Achariar wa gazeti la Democrat ndiye aliyechapa Muigwithania, Jomo Kenyatta alipokuwa mhariri wake mwaka 1928.

"Huyo Desai alilipwa?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia alichovuna zaidi ni maadui.

Akarudisha TANGAZO juu ya ukurasa, akaagiza nakala thelathini. Pesa zake zilitosha ishirini. Mwenye saiba akatazama skrini, akasoma mstari wa kwanza, akabonyeza thelathini. Moja akaichukua yeye mwenyewe na kuibandika mlangoni.