Mahali pa Kikombe: Historia ya Tumbo la Mtumbwi katika Ziwa Edward na Ziwa George

Mtu akisoma habari za uvuvi wa wilaya ya Kasese, hukuta mitumbwi imehesabiwa: ilikuwa mingapi, yenye urefu gani, na nani aliipa leseni. Ni nadra kuambiwa ndani yake mlikuwa na nini. Katika insha hii ninauliza swali dogo: mvuvi wa maziwa haya aliweka wapi samaki wake, maji yake ya kunywa na kikombe chake? Hoja yangu ni kwamba nafasi hizo ndogo zina historia, na kwamba historia hiyo inahusu afya na riziki ya watu wetu.

Swali hili lilinijia katika mwalo wa Katunguru, kando ya mfereji wa Kazinga unaounganisha maziwa hayo mawili. Nilimkuta fundi akipigilia nusu ya jerikani ya plastiki kwenye taruma la mtumbwi, karibu na ubao wa kukalia wa nyuma. Nikamwuliza, "Fundi, hiyo ni ya nini?" Akajibu, "Ya kikombe." Nilicheka. Mzee aliyekuwa akishona wavu pembeni hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa na kopo moja tu. Lililofua maji ya mtumbwini ndilo tulilonywea."

Maneno hayo yalinirudisha darasani. Katika Kiswahili cha pwani tumejifunza kwamba mahali pa chini ndani ya chombo panapokusanyika maji huitwa ngama, na chombo cha kuyatoa huitwa upo. Mzee hakuyatumia maneno hayo, lakini alikijua kitu chenyewe vizuri kuliko mimi. Katika mtumbwi wa gogo moja, chini ndipo palipokuwa ghala pekee. Samaki walilala humo, miguu ya mvuvi ilikuwa humo, na maji machafu yalikuwa humo humo.

Mitumbwi ya mbao ilileta nafasi zaidi. Mbao hushikiliwa na mataruma, na katikati ya taruma na taruma pana pengo ambalo mtu anaweza kuligawa, kulifunika au kulitilia kisanduku. Hata hivyo, nafasi kuwapo si sababu tosha ya kuitumia. Ni lazima tutazame mambo yaliyowasukuma watu.

Jambo la kwanza ni soko. Mwaka 1931 mtaalamu Mwingereza E. B. Worthington na wenzake walichunguza uvuvi wa maziwa ya Uganda, na miaka ya baadaye serikali ya kikoloni ilianza kuuona uvuvi huu kama biashara. Katika Kasenyi, kando ya Ziwa George, kilijengwa kiwanda cha shirika la TUFMAC, lililonunua samaki wa wavuvi na kuwatayarisha kwa kuwauza mbali. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na mgodi wa shaba wa Kilembe ulikuwa na vinywa vingi vya kulisha. Ngege anayeliwa jioni hiyo hiyo kijijini anaweza kulala katika maji ya chini ya mtumbwi. Ngege anayesafiri hawezi, kwa sababu tumbo lake hulainika mapema. Kwa hiyo kumwinua samaki kutoka majini, hata kwa vijiti vichache vilivyotandazwa juu ya mataruma, kukawa jambo la fedha.

Jambo la pili ni sheria. Mwaka 1952 hifadhi ya taifa, ambayo leo tunaiita Queen Elizabeth, ilianzishwa kuzunguka sehemu kubwa ya maziwa haya. Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Katunguru, Hamukungu na Kahendero vikabaki vimezingirwa nayo. Idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo, na kukata miti ndani ya hifadhi kukakatazwa. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia sheria za uvuvi kwa ukali, pamoja na zile za nyavu na vyombo. Tukiyaunganisha mambo haya, tunaona kwamba mwenye mtumbwi hawezi kuongeza mtumbwi wa pili apendavyo, wala mbao hazipatikani karibu. Kilichobaki mikononi mwake ni tumbo la mtumbwi alio nao.

Mtu anaweza kupinga kwamba huu ni umaskini tu, kwamba jerikani iliyokatwa ni takataka iliyopata kazi. Sikubaliani naye kabisa. Fundi wa Katunguru alinieleza kwamba visanduku vizito huwekwa chini na katikati, kwa kuwa mtumbwi mwembamba wenye mzigo upande mmoja hupinduka mara moja, na katika mfereji ule viboko ni wengi. Kishikio cha kikombe huwekwa nyuma, mahali mkono wa mwenye kasia unapofika bila yeye kusimama. Hayo ni maarifa ya mtu anayejua uzito unavyotembea ndani ya chombo, hata kama hakuyaandika.

Jambo la tatu ni maji ya kunywa, na hapa ndipo nilipoacha kucheka. Kasese imepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Miaka ya 2015 na 2017 imo katika kumbukumbu za wengi wetu. Mvuvi hukesha ziwani usiku kucha. Kama hana mahali pa kuweka chupa ya maji yaliyochemshwa, atakunywa ya ziwani. Na kama ana chupa lakini kikombe kinaelea katika maji machafu miguuni, chupa hiyo haimsaidii. Kutenga kopo la kufulia maji na kikombe cha kunywea ni hatua ndogo kwa macho, lakini mzee yule aliitaja kama mabadiliko makubwa aliyoyaona ujanani mwake, kuliko hata nyavu za nailoni.

Mimi ni mzaliwa wa Bwera, na mama yangu huuza samaki katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo. Kabla ya kununua, hubonyeza tumbo la samaki kwa kidole gumba, kisha hutaja bei bila kueleza. Nilipomsimulia habari za visanduku vya Katunguru, aliniambia, "Najua. Wale wa mitumbwi yenye sakafu huja wakavu." Miaka yote hiyo alikuwa akisoma kwa kidole kile ambacho mimi nilikuwa nakitafuta maktabani.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu tunaoandika historia ya maziwa tusiishie ufukweni kuhesabu vyombo. Tuombe ruhusa, tuinamie ndani, tuulize kila kilichopigiliwa misumari ni cha nini na kilianza lini. Wazee waliokunywa kwa kopo la kufulia maji bado wako hai, na hakuna aliyewauliza.