Miaka 15 Haitoshei Kwenye Fomu ya Miezi 12

Mimi ni mwanagenzi. Kazi yangu ni kuandika barua za kuomba pesa za kampeni dhidi ya ukatili kwa wanawake. Fomu za wafadhili huniuliza: ndani ya miezi 12, nini kitakuwa kimebadilika? Swali si baya, ila historia yetu haiendi hivyo.

Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, 71 wakabakwa. Sheria ya Makosa ya Kingono, mswada wake Njoki Ndung'u, ilikuja 2006. Miaka 15! Na bado ndoa iliachwa nje: mume akimbaka mkewe, kosa hilo halimgusi. Kifungu cha 38 nacho kilimtisha mlalamishi: ukionekana umesingizia, adhabu ya kubaka ni yako. Kilifutwa 2012.

Hesabu ni miaka 21, na kila mwaka lazima mtu alipe nauli, kodi ya ofisi, fotokopi. Siku hizi barua zangu zinaanza na hizo tarehe, ndipo bajeti ifuate. Kile kipengele cha ndoa bado kipo. Anayetoa pesa ajue safari ni ndefu.