Shindano la skripti lamfaa nini mwandishi mchanga?

Vijana wetu wa Mombasa na Malindi huniuliza: nikishinda shindano la skripti Nairobi, ndiyo nimetoboa? Mimi huwajibu kuwa ushindi humfungulia mwandishi mlango, lakini haumpi ajira.

Mfano mzuri ni shindano la ngano za Kiafrika lililotangazwa na Netflix pamoja na UNESCO mwaka 2021. Maombi yalizidi 2,000, washindi wakawa sita tu, Mkenya Voline Ogutu akiwemo. Kila mshindi alipata dola 25,000 zake, na dola 75,000 nyengine za kutengenezea filamu. Yake, Anyango and the Ogre, ilitoka 2023. Faida kubwa naiona hapo: kazi iliyokamilika, ambayo mtayarishaji wa Westlands au Kilimani aweza kuitazama. Zawadi ya fedha pekee huliwa ikaisha.

Wengine walipita njia nyengine. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha ya One Fine Day Films, na iliandikwa na waandishi kadhaa kwa pamoja.

Nawausia mambo matatu. Kwanza, someni masharti. Baadhi humpa mwandaaji haki ya hadithi hata ya aliyeshindwa. Pili, kabla ya kutuma, sajilini kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki Kenya kwa intaneti, bila kupanda basi la Nairobi. Tatu, muwe na skripti ya pili tayari. Mtayarishaji akiwaita, hiyo ndiyo atakayoiulizia.