Sifa nne za lazima kwa Mitume

KUAMINI Mitume ni mojawapo ya nguzo sita za imani ya Kiislamu. Qurani Tukufu imewataja kwa majina Manabii na Mitume 25, na kubainisha kuwa wapo wengine ambao habari zao hazikusimuliwa. Watano, yaani Nuhu, Ibrahim, Musa, Isa na Muhammad (SAW), huitwa Ulul-Azmi kutokana na subira yao kubwa.

Kwa kauli iliyo mashuhuri, nabii ni mtu aliyeteremshiwa wahyi, naye mtume ni nabii aliyeamrishwa kuufikisha kwa watu. Wanazuoni wamezitaja sifa nne ambazo ni lazima kila mtume awe nazo.

Ya kwanza ni ukweli. Mnamo mwaka 632 Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad, alifariki mjini Madina na siku hiyo jua likapatwa. Watu waliposema kuwa jua limemlilia mtoto huyo, Mtume aliwakanya, akawaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote.

Ya pili ni uaminifu. Kabla ya kupewa utume, watu wa Makka walimwita Al-Amin. Hata alipohama mwaka 622, wapinzani wake wakitaka kumuua, alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma ili arejeshe amana za watu alizowekeshwa.

Ya tatu ni kufikisha ujumbe pasi na kuficha. Kwa tafsiri ya wanazuoni wengi wa Kisunni, Sura ya 80, Abasa, ilimlaumu Mtume mwenyewe kwa kumkunjia uso kipofu Abdallah bin Ummi Maktum alipomjia akiwa na wakuu wa Makureshi. Wafasiri wengi wa Kishia husema aliyelaumiwa ni mtu mwingine. Kwa wenye kauli ya kwanza, kusomwa kwa sura hiyo hadharani ni ushahidi kuwa Mtume hakuficha hata lililomgusa yeye.

Ya nne ni werevu. Nabii Ibrahim aliyavunja masanamu ya watu wake, akaliacha kubwa lao, kisha akawaambia waliulize. Walipokiri kuwa halisemi, hoja yao ilianguka.

Kinyume cha sifa hizo, yaani uongo, hiana, kuficha na upumbavu, ni muhali kwa mtume. Sababu yake ni wazi: mjumbe akishukiwa, na ujumbe wake hushukiwa. Hata hivyo, Mitume ni wanadamu. Walikula, walioa, waliugua na kufiwa. Nabii Ayub alipatwa na maradhi, naye Mtume Muhammad alimlilia mwanawe. Lau wangalikuwa malaika, binadamu angalipata udhuru wa kusema kwamba mwenendo wao haumkiniki kwake.