Saa za baridi

Kwenye vitalu vya miche huku Mlolongo, kando ya barabara ya Mombasa, anayetafuta mche wa tufaha au tini huuliza kwanza: "Utavumilia baridi ya hapa?" Muuzaji anajibu utavumilia, wala hadanganyi. Ila swali lenye pesa ni jingine: mti huo unadai baridi kiasi gani?

Uvumilivu wa baridi ni kiwango ambacho mti unakihimili kabla matawi hayajafa. Hitaji la baridi ni habari nyingine, na hupimwa kwa saa za baridi, yaani jumla ya saa ambazo machipukizi yaliyolala hupitisha kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi. Mti wa nchi za theluji haufungui machipukizi mpaka saa hizo zitimie. Usingekuwa hivyo, siku chache za joto katikati ya Januari zingeufanya uchanue, kisha barafu iyaue maua yote.

Julai hapa Mlolongo makanga hushusha kofia mpaka masikioni, lakini hata alfajiri kipima joto kwa kawaida husoma nyuzi 11 au 12. Kwa mti, hizo si saa za baridi hata moja. Mtufaha unaodai saa 1,000 hautakufa hapa, na hapo ndipo unapomchosha mwenyewe: majani yanatoka nchani tu, matawi ya chini yanabaki uchi, ua moja linachanua leo na jingine mwezi ujao. Afadhali "Anna", aina iliyozalishwa Israeli, inayodai saa kama 200 hadi 300, au "Dorsett Golden" ya Bahamas, karibu 100. Pungufu linalobaki hufidiwa kwa mikono: huko Batu, Indonesia, wakulima hupukutisha majani yote baada ya mavuno, na mti huchipua upya kabla haujaingia usingizini.

Mtini hauna makuu. Saa zake ni chache mno, na hata zikikosekana huzaa. Lakini sifa zinazotangazwa ng'ambo zisikubabaishe. "Chicago Hardy" inapendwa kwenye barafu kwa kuwa matawi yakifa, shina huchipua kutoka mizizini na kuzaa kwenye tawi jipya mwaka uleule. Barafu hatuna, ila tabia hiyo ya kuzaa kwenye tawi jipya, ambayo "Brown Turkey" nayo inayo, inatufaa: unapogoa, unamwagilia, tini zinafuata. Jamii ya Smyrna iache kabisa, maana bila nyigu wake maalumu matunda hudondoka machanga.

Kwa hiyo ningependa lebo ya mche iandike "hitaji la baridi: saa 200", si "hufaa sehemu za baridi", maneno yanayoweza kumaanisha lolote kati ya hayo mawili. Na ukishachagua, pandia kwenye tuta. Udongo wetu mweusi hutuamisha maji, na mizizi ya mtini haipendi kulowa.